Kliniki ya presha inayouliza unalalaje: tathmini yangu baada ya kumpeleka dada

Mwenye haraka asome hapa tu: kama una mama, shangazi au dada anayemeza dawa za presha na presha haishuki, mtafutie kliniki inayopima presha na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka) kwa pamoja, kama hii ninayoieleza. Nina malalamiko nayo na nitayasema yote, lakini ndiyo huduma bora kuliko zote tulizopitia mkoani Mbeya tangu dada yangu aanze kuumwa. Kituo chenyewe kipo pembezoni mwa jiji, upande wa Uyole. Jina silitaji, maana nina ya kuwalaumu na sitaki nesi yeyote aitwe ofisini kwa sababu ya maandishi yangu. Dada amenisomea haya kwa sauti, akaniruhusu niyaweke.

Dada ni mtoto wa kwanza nyumbani kwetu, mimi ni wa nne. Ana miaka 58. Analima viazi mviringo na mahindi kule Isongole, wilayani Rungwe, na tangu mama yetu afariki yeye ndiye mama. Amelea watoto wake, na watoto wa ndugu zetu wawili tuliowazika. Nyanda za juu kusini tunalijua hili jambo la VVU na yatima bila kuambiwa. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/23 uliweka maambukizi ya watu wa miaka 15 na kuendelea kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 hapa Mbeya, na Njombe na Iringa zikawa juu kuliko mikoa mingine yote. Takwimu hizo zinahesabu walioambukizwa. Hazimhesabu mwanamke aliyebaki na watoto wa marehemu, ada zao, sare zao, na usiku wake mwenyewe.

Presha yake iligundulika siku ya maonyesho, kwenye hema la kupima bure. Akaanzishiwa amlodipini. Haikushuka, wakamwongezea losatani. Haikushuka, wakamwongezea dawa ya kukojoza. Kila tukienda, kipimo kinasoma 180 na kitu juu ya 100 na kitu. Kila mahali swali lilikuwa moja: "Mama, dawa unameza?" Naye anajibu ndiyo, kwa sababu hilo ndilo jibu linalotoa mtu chumbani haraka. Tabibu mmoja kijana alimwambia apunguze mawazo, kwa sauti ileile aliyomwambia apunguze chumvi, kisha akaita mgonjwa anayefuata.

Sasa kwenye hii kliniki. Ni siku moja kwa wiki, ya wagonjwa wa presha na kisukari pamoja. Mnafika alfajiri, mnapewa namba, mnakaa kwenye mabenchi ya mbao nje, na kwa baridi ya Juni ya Uyole kila mtu amejitanda shuka juu ya sweta. Mama mmoja anauza chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha pale getini. Uzito, kidole kinachomwa, presha inapimwa mara mbili kwa kupumzika katikati, jambo ambalo kwingine hawalifanyi. Hadi hapo ni kliniki kama kliniki nyingine.

Tofauti inaanzia kwenye meza ya tatu. Pale amekaa nesi wa makamo, mwenye daftari kubwa na karatasi moja iliyokwaruzika kwa kutumiwa. Alimwamkia dada, akamuuliza kama anaridhia mimi niwepo. Dada akasema nikae. Nesi akaifunika ile karatasi kwa kiganja.

"Mama, hizi wiki mbili zilizopita usingizi ukoje?"

"Nalala tu, mwanangu."

"Unaamka saa ngapi?"

"Saa nane za usiku. Kuanzia hapo nahesabu mpaka kunakucha."

"Unahesabu nini, mama?"

"Madeni."

Mimi ndugu yake wa tumbo moja sikuwa nalijua hilo. Nesi hakuguna, hakushangaa, hakutoa wosia. Aliendelea taratibu: hamu ya kufanya vitu ulivyokuwa unavipenda ikoje, uchovu, chakula, kujiona umeshindwa, kushindwa kutulia kwenye jambo moja, kutembea au kuongea polepole hadi watu wakaona. Ni maswali tisa ya kupima sonona, yanatumika dunia nzima, na kila moja lina alama sifuri hadi tatu: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Jumla ya juu ni 27, na kuanzia 10 mhudumu anatakiwa kuchukua hatua. La tisa linauliza kama umewahi kuona ni heri ungekufa, au kufikiria kujidhuru. Alilisema kwa maneno hayohayo, akimwangalia dada usoni, akasubiri. Wengi tunaogopa kwamba kuuliza ni kumpa mtu wazo. Sivyo, kuuliza kunampa mtu nafasi ya kusema. Dada alisema kujidhuru hapana, ila kuna asubuhi alitamani asiamke. Alipata 17.

Kisha nesi akarudi kwenye dawa, safari hii akauliza kwa namna nyingine: "Zile asubuhi ambazo kuinuka ni kazi, vidonge vinakuwaje?" Vinabaki kwenye kopo, dada akasema. Kumbe ndiyo presha yetu ile sugu.

Mimi ni mwalimu wa Bayolojia, na niliporudi nyumbani nilisoma kadiri nilivyoweza, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuona sonona kama huzuni ya moyoni na presha kama ugonjwa wa mwili. Robin DiMatteo na wenzake, mwaka 2000, walikusanya tafiti za wagonjwa wa magonjwa mbalimbali wakaona kwamba wenye sonona wana uwezekano mara tatu zaidi wa kutofuata matibabu waliyopewa. Hiyo ni njia moja tu. Nyingine ipo ndani ya mwili wenyewe: kotisoli, homoni ya msongo, inakaa juu muda mrefu, chembe sahani za damu zinakuwa nyepesi kugandana, uvimbe wa ndani hauishi, mapigo ya moyo yanapoteza ule unyumbufu wake wa kupanda na kushuka. Mtu halali, hatembei, hali vizuri. Ongeza miaka kumi, ishirini. Katika utafiti wa wauguzi wanawake wa Marekani, zaidi ya 80,000 wenye umri wa miaka 54 hadi 79, waliowahi kuwa na sonona walipata kiharusi kwa asilimia 29 zaidi ya wenzao. Kiharusi ndicho nilichokuwa nakiogopa kwa dada, na kumbe njia ya kwenda huko ilikuwa inapita pia kwenye zile saa nane za usiku.

Na suala la wanawake kufa mapema kwa sababu ya sonona si la Ulaya na Marekani tu. Utafiti ulionigusa kuliko yote ulifanyika Dar es Salaam. Gretchen Antelman na wenzake waliwafuatilia karibu wanawake 1,000 wenye VVU, walioandikishwa wakiwa wajawazito miaka ya tisini, kwa miaka sita hadi minane. Zaidi ya nusu walikuwa na dalili za sonona angalau mara moja katika kipindi hicho. Waliokuwa na dalili hizo walikuwa katika hatari ya kufa zaidi ya mara mbili ukilinganisha na wasiokuwa nazo, hata baada ya kuzingatia hali ya ugonjwa wenyewe. Matokeo yalitoka mwaka 2007. Nikafikiria kliniki zetu zote za Njombe, Makambako, Mafinga na Mbeya, ambako wanawake wanapanga foleni ya dawa kila mwezi, nikajiuliza ni meza ngapi zenye nesi anayeuliza mtu anaamka saa ngapi.

Kuna utafiti mwingine wa kule Kanada ya mashariki, uliowafuatilia watu 3,410 katika vipindi vitatu tangu mwaka 1952. Kwa wanaume, sonona iliambatana na kufa mapema tangu mwanzo. Kwa wanawake uhusiano huo ulijitokeza kuanzia miaka ya 1990. Watafiti wakahisi kwamba mzigo umebadilika: mwanamke anatafuta pesa nje na nyumba bado ni yake. Siwezi kuuchukua utafiti wa Kanada nikauvika Rungwe. Lakini mwanamke anayelima shamba la viazi, anauza gunia Uyole, anapika, anauguza, na jioni anakimbilia marejesho ya mkopo, namjua kwa sura.

Nirudi kwenye huduma. Siku ileile dada alionana na daktari, akaandikiwa fluoksetini, dawa ya sonona. Daktari alieleza kwa nini hakumpa amitriptilini ambayo ndiyo imezoeleka: kwa mtu mwenye presha na moyo uliokwisha kuchoka, aliona hii ni salama zaidi. Akasema wazi kwamba nafuu itachukua wiki kadhaa, na asiache akiona siku za mwanzo hakuna kitu. Maelezo hayo yamechukua dakika chache sana, na ndiyo yaliyomfanya dada asitupe vidonge wiki ya pili.

Baada ya hapo kuna kikao cha akina mama, nyuma ya jengo, kwenye kibanda cha mabati. Anakiongoza mkunga mstaafu, bibi wa watu, mwenye sauti ya chini. Wazo hili lina historia ya kuheshimika jirani zetu: Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa Harare kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi sita dalili zao zilikuwa zimepungua zaidi kuliko za waliopata huduma ya kawaida. Bibi wa kwetu anafanya hivyohivyo. Hakuna mahubiri, hakuna kuambiana vumilia. Kila mama anataja matatizo yake yote, anachagua moja, kisha wote wanamsaidia kutafuta hatua moja ya kuchukua kabla ya kikao kijacho.

Dada alichagua mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Alikuwa ameuchukua kwa ajili ya msiba, akachukua wa pili kulipa wa kwanza, akachukua fedha za kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana, kulipa wa pili, na alikuwa anajificha chumbani wakija kudai. Bibi alimpa kalamu akamwambia aandike yote, nani anadai, kiasi gani, riba ipi. Dada aliishia darasa la saba na mwandiko wake ni mzuri sana. Niliona ile karatasi baadaye, mistari imenyooka kama ya daftari la shule. Hatua ya kwanza iliyochaguliwa ilikuwa kwenda kwa mwenyekiti wa kikoba, si kwa mkopeshaji, na kuomba marejesho yasogezwe hadi viazi vitoke. Mama mmoja wa kikao alimsindikiza. Wakakubaliwa. Mimi na wadogo zangu tukauchukua ule wa kausha damu tukaumaliza kwa kuchangishana. Deni lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani, na lilikuwa linamla mtu mzima.

Siku moja hakutokea kliniki kwa sababu ya mvua, barabara ya shambani ilikuwa tope tupu. Nesi alimpigia simu mchana wake, kwa vocha yake mwenyewe. Kwenye tathmini yangu hilo lina uzito kuliko rangi mpya ya jengo.

Jambo jingine nililolipenda: hawatoi kadi tofauti. Alama za maswali zinaandikwa kwenye kadi ileile ya presha, kwa tarakimu tu. Jirani akiiona haelewi. Kwetu huku mwanamke akionekana na kadi ya afya ya akili, kijiji kizima kitasema kichwa kimeharibika, na hapo harudi tena.

Malalamiko sasa, na nayatoa kwa uchungu kwa sababu huduma hii inastahili kuwa bora zaidi.

Faragha ni mbovu. Meza ya tatu imetengwa kwa pazia lisilofika chini wala ukutani, na benchi la wanaosubiri liko hatua mbili kutoka pale. Nesi anashusha sauti, lakini bibi mwenye masikio mazito analazimika kujibu kwa nguvu, na swali la tisa linasikika nje. Niliwaona wanawake wawili wakijibu "hapana" kwa yote, haraka haraka, macho yakiwa kwenye pazia. Alama zao zitaandikwa sifuri.

Dawa zinakatika. Zile za presha zipo karibu wakati wote, fluoksetini ikiisha inaisha kwa muda mrefu, na dirishani unaambiwa ukanunue nje. Sisi tulinunua Mwanjelwa. Anayetoka mbali na hana mwalimu wala mfanyakazi nyumbani atakata dozi, na kukata ghafla si jambo la kheri. Kama tumeamua kumuuliza mtu maswali tisa, tumuwekee na kidonge kabatini.

Tatu, wasiwasi unasahaulika. Kuna maswali mengine saba ya kupima wasiwasi, wanayo, ila foleni ikiwa ndefu wanayaruka. Najua ushahidi wa wasiwasi na vifo haujakaa upande mmoja. Wanawake 5,073 wa Uholanzi wenye miaka 46 hadi 54 walifuatiliwa kwa miaka kumi, na wenye wasiwasi mwingi walikufa zaidi. Lakini kule Norway, kwa watu zaidi ya 61,000, sonona ndiyo iliyoongeza vifo kwa kiwango kinachokaribiana na cha kuvuta sigara, huku wasiwasi peke yake haukuonekana kuongeza. Watafiti wakadhani huenda mwenye wasiwasi huwahi hospitali. Naikubali hoja hiyo, maana jirani yangu ana wasiwasi na hakosi kupima. Dada yangu ana wasiwasi na alikuwa anajificha chumbani. Wasiwasi wa aina mbili, na bila kuuliza huwezi kujua uliyenaye mbele yako ni yupi.

Na nesi ni mmoja. Alipokwenda likizo, meza ya tatu ilikaa tupu na wagonjwa walipelekwa moja kwa moja dirishani kuchukua vidonge. Wanaopanga watumishi wanapaswa kufundisha angalau wawili wengine.

Wapo watakaouliza kama kutibu sonona kunarefusha maisha kweli, au kunampa mtu tahfifu tu. Swali ni halali. Mwaka 2003 Marekani walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 2,481 waliotoka kupata shambulio la moyo: ushauri nasaha ulipunguza sonona kidogo, vifo havikupungua. Lakini jaribio jingine, la kliniki 20 za kawaida za New York, Philadelphia na Pittsburgh, liliweka mhudumu maalumu wa sonona ndani ya kliniki ya kawaida ya wazee, wa kumfuatilia mgonjwa, kumpigia, kumkumbusha. Wazee wenye sonona kali waliohudumiwa hivyo walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 24 kuliko wenzao wa kliniki zisizo na mhudumu huyo, baada ya miaka kama minane. Ilichapishwa mwaka 2013. Nilipoisoma nilimwona yule nesi na daftari lake. Kazi yake ndiyo hiyohiyo, ila ya kwetu haina bajeti, ina vocha yake.

Kwa dada, alama zimeshuka hadi 6. Presha mara ya mwisho ilisoma 138 kwa 86, kwa vidonge vilevile vitatu, sasa vikimezwa. Anaamka saa kumi na moja, ambayo kwa mkulima ni saa ya kuamka. Ameanza tena kuimba kwaya. Sitasema ameshapona, daktari mwenyewe amesema dawa iendelee miezi kadhaa baada ya nafuu.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano ni ya ukuta halisi kwenye meza ya tatu na fluoksetini isiyokatika.

Ukitafuta huduma kama hii, waulize mapokezi kwenye kituo chochote: siku ya kliniki ya presha, kuna anayeuliza maswali tisa? Wakikushangaa, uliza kwa mratibu wa afya ya akili wa wilaya, atajua wapi yanaulizwa. Fika kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Beba kadi na vidonge vyote kwenye makopo yake, hata vilivyobaki, usivifiche, nesi anavihesabu bila kugomba. Umsindikize mgonjwa, lakini umuulize kwanza kama anataka ukae ndani. Na kama mtu wako amesema neno lolote la kutamani kufa, usisubiri siku ya kliniki, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, asibaki peke yake.